Usiache mbachao kwa msala upitao

Leo nataka tuzungumze juu ya karatasi. Najua wapo watakaoguna wakisema, karatasi nayo ni habari? Ni habari, tena kubwa. Cheti chako cha kuzaliwa ni karatasi, hati ya kiwanja chako ni karatasi, na siku utakapokwenda kudai mafao yako ya uzeeni, shahidi wako mkuu anaweza kuwa barua moja ya ajira, iliyopigwa taipu miaka thelathini iliyopita na kuwekwa jaladani na karani ambaye pengine sasa ni marehemu.

Karatasi hizo sasa ziko safarini. Ofisi za serikali, hospitali, vyuo, mahakama na mabenki zinaingiza kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Kazi hiyo ni njema na mimi naiunga mkono. Mtu aliyewahi kusimama kwenye dirisha la masjala tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kisha akaambiwa "jalada lako halionekani, njoo wiki ijayo", hahitaji kuhubiriwa faida za kompyuta. Linalonitia wasiwasi ni neno la pili, ambalo aghalabu husemwa kwa sauti ya chini baada ya lile la kwanza: kwamba zikishaingizwa, karatasi zenyewe zichomwe moto.

Sababu zinazotolewa si za kipuuzi. Chumba cha majalada kinakula pango. Mchwa wanakula majalada. Mvua ikinyesha paa linavuja, na panya hawana adabu. Tena si kila karatasi inastahili kuzeeka pamoja nasi. Stakabadhi za chai na maandazi ya semina zimekwisha kazi yake. Watunza nyaraka wenyewe, ambao ndiyo taaluma yao, huteketeza karatasi nyingi kwa utaratibu maalumu. Kwa hiyo hatubishani kama karatasi yoyote iteketezwe au isiteketezwe. Swali la leo ni jingine: je, kuwepo kwa nakala ndani ya mashine kunatosha kuwa sababu ya kuichoma karatasi yenyewe?

Historia inalo jibu, kwa sababu sisi si wa kwanza kuvutwa na jambo hili. Wapo waliotutangulia, nao walikuwa wasomi na wenye nia njema.

Katika miaka ya 1930, huko Marekani, ilishika kasi teknolojia ya kuzipiga picha kurasa za magazeti na vitabu kwenye utepe mwembamba wa filamu. Herufi zilikuwa ndogo mno hata magazeti ya wiki kadhaa yakaenea katika rili moja inayoshikika kiganjani. Filamu hiyo iliitwa mikrofilamu, nayo ndiyo iliyokuwa kompyuta ya siku zile. Gazeti la New York Times lilianza kupigwa picha za namna hiyo mwaka 1935. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote nchini humo, ikaishika kazi hiyo kwa nguvu, na maktaba nyingine zikafuata.

Hofu yao ilikuwa ya kweli. Tangu katikati ya karne ya 19 magazeti yalikuwa yakichapwa kwenye karatasi ya rojo la miti. Karatasi hiyo ni rahisi, lakini ina asidi ndani yake, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyogeuka manjano na kuwa kavu kama jani la mgomba. Wataalamu wakatabiri kwamba baada ya miongo michache yatabaki mavumbi matupu. Wakabuni hata kipimo: unakunja pembe ya ukurasa mbele, unaikunja nyuma, na ikikatika baada ya mikunjo michache, kitabu kimekwisha kuhukumiwa. Ili kurasa zilale vizuri chini ya kamera, majuzuu yalikatwa mgongoni kwa mashine. Kazi ilipokwisha, magazeti mengi yaliuzwa, yaligawiwa au yalitupwa. Rafu zikabaki wazi, na wakubwa wakafurahi.

Kisha matatizo yakaanza kujitokeza, moja baada ya jingine. Filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe. Gazeti la New York World la Joseph Pulitzer, ambalo karibu na mwaka 1900 lilisifika kwa kurasa zake zenye michoro ya rangi, likabaki kijivu. Kurasa nyingine zilirukwa, nyingine zilipigwa picha zikatoka na ukungu. Ulipotaka kwenda kutazama gazeti lenyewe, uliambiwa halipo. Ulipokwenda maktaba ya pili, uliambiwa halipo. Kila maktaba ilikuwa imetupa la kwake ikiamini kwamba jirani ametunza la kwake. Na filamu zenyewe, zile za aina ya asetati, zikaanza kuoza ndani ya makopo yake na kutoa harufu ya siki. Karatasi iliyohukumiwa kufa ilitangulizwa kaburini na filamu iliyokuja kuirithi nayo ikaanza kuugua.

Mwaka 1999 mwandishi mmoja wa Marekani, Nicholson Baker, alipata habari kwamba Maktaba ya Uingereza, yaani British Library, ilikuwa ikiyaondoa magazeti ya Marekani iliyokuwa imeyatunza, kwa kuwa mikrofilamu zilikuwapo. Alitoa fedha katika akiba yake ya uzeeni, akanunua maelfu ya majuzuu na kuyapangia ghala. Mwaka 2001 akatoa kitabu kiitwacho Double Fold, akikosoa kile kipimo cha kukunja pembe na yote yaliyofanywa kwa jina lake. Mwaka 2004 magazeti hayo yalihamia Chuo Kikuu cha Duke. Yale ambayo yangalipaswa kuwa mavumbi yalikuwa bado yanafunguliwa na kusomwa, tena kwa rangi zake.

Huenda mtu akasema, hiyo ilikuwa filamu, na kompyuta ni jambo jingine. Haya, tuitazame kompyuta.

Mwaka 1085 mfalme William, yule aliyetoka Normandy akaiteka Uingereza, aliamuru nchi nzima ihesabiwe: mashamba, majembe ya kukokotwa, wakulima na ng'ombe. Matokeo yaliandikwa mwaka 1086 kwa wino juu ya ngozi, nayo ndiyo yanayoitwa Domesday Book. Mwaka 1986, miaka 900 baadaye, shirika la utangazaji la BBC liliamua kutengeneza hesabu mpya ya nchi kwa zana za kisasa. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki, wengi wao watoto wa shule, wakaandika habari za mitaa yao na kupiga picha. Yote yakatiwa kwenye sahani kubwa za leza zilizohitaji kompyuta maalumu na mashine maalumu ya kuzisomea. Haikupita hata miaka ishirini, mashine hizo zikawa adimu. Ilibidi wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wafanye kazi ya ziada, hadi mwaka 2002 wakafaulu kuyaonyesha tena yaliyomo. Kile kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 kipo Kew, London, na anayejua Kilatini na mwandiko wa zamani anakisoma bila kuhitaji umeme.

Siwacheki BBC, maana sisi watu wa redio tuna ya kwetu. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, tepu za zamani zilinakiliwa kwenye CD, na tepu zikatupwa ili kupata nafasi. Baada ya miaka michache baadhi ya CD hizo ziligoma kusoma. Walioamua walikuwa waungwana wenye bajeti ndogo, wala hawakuwa na nia mbaya. Lakini wazee waliohojiwa katika tepu zile wamekwisha kufa, na mzee hahojiwi mara ya pili akiwa kaburini.

Lipo pia jambo la kushtusha zaidi kuliko mashine kugoma, nalo ni mashine kusema uongo. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox za kunakili na kuskani zilikuwa zikibadilisha tarakimu. Aliona hivyo kwenye ramani ya nyumba: vyumba vya ukubwa tofauti vilitoka vyote vina ukubwa mmoja. Mahali pengine sita ilikuwa nane. Sababu ni kwamba programu ya mashine, ili kupunguza ukubwa wa faili, ilitafuta vipande vinavyofanana kwenye ukurasa na kutumia kipande kimoja mahali pa kingine. Herufi hazikuwa na ukungu hata kidogo. Zilikuwa safi, nzuri, na za uongo. Kampuni ilitoa marekebisho. Mwaka 2015 mamlaka ya Ujerumani inayosimamia usalama wa mitambo ya habari ikapiga marufuku njia hiyo ya kubana faili pale ambapo karatasi zinaskaniwa ili ziteketezwe.

Hebu fikiri, ndugu msikilizaji. Kama ramani ile ingekuwa ni kipimo cha dawa katika jalada la mgonjwa, au eneo la shamba lako katika daftari la ardhi, na karatasi imekwisha kuchomwa, ungemwonyesha nani kwamba sita si nane? Kriesel aliujua uongo wa mashine kwa sababu moja tu: alikuwa na karatasi mkononi.

Tuache sasa mitambo, tuwatazame wanadamu. Maana zinapopotea karatasi, tajiri ana mwanasheria wake na nakala zake nyumbani. Anayeumia kwanza ni mtu wa kawaida ambaye ushahidi wake wote umo ndani ya chumba cha ofisi ya watu wengine.

Baada ya mwaka 1948 watu wengi kutoka visiwa vya Karibi walikwenda Uingereza kufanya kazi, na waliposhuka melini walijaza kadi. Mwaka 2010 kadi hizo za kuwasili za miaka ya 1950 na 1960 ziliteketezwa. Hazikuwa zimeingizwa kwenye kompyuta, lakini nazitaja kwa sababu ya fikra iliyoziua: kwamba ni karatasi kuukuu zisizo na kazi tena. Kuanzia mwaka 2012 serikali ya Uingereza ikakaza masharti ya uhamiaji, na wazee walioishi humo tangu utotoni wakaambiwa wathibitishe waliingia lini. Wapo waliofukuzwa kazi, waliokataliwa matibabu, na hata waliorudishwa kwenye visiwa ambavyo hawakuvijua tena. Kashfa hiyo ililipuka mwaka 2018. Wizara ilijitetea kwamba kadi zile hazikuwa ushahidi wa kutosha wa ukaazi. Waliokuwa watumishi wake walisema zilikuwa zikitumika kuwasaidia watu kama hao.

Na bado somo halikuingia. Mwezi Desemba 2023 Wizara ya Sheria ya Uingereza ilitoa pendekezo kuhusu wosia za raia zilizotunzwa tangu mwaka 1858. Hazina hiyo ni ya nyaraka zipatazo milioni 110, na kuitunza kuligharimu pauni milioni 4.5 kwa mwaka. Pendekezo lilikuwa kwamba nyaraka ziingizwe kwenye kompyuta, kisha karatasi zenyewe ziteketezwe baada ya miaka 25, isipokuwa wosia za watu mashuhuri. Wanahistoria walipiga kelele, na mimi nadhani walikuwa na haki, hasa kwa maneno hayo mawili: watu mashuhuri.

Nani anajua leo nani atakuwa mashuhuri kesho? Mary Seacole alizaliwa Jamaika mwaka 1805, mama yake mtu mweusi. Akauguza majeruhi katika vita vya Crimea, akafa London mwaka 1881, kisha akasahauliwa karibu karne nzima. Mwaka 2004 alichaguliwa kwa kura kuwa mtu mweusi mkuu kuliko wote katika historia ya Uingereza. Lau mwaka 1906, miaka 25 baada ya kifo chake, ofisa fulani angeletewa orodha achague wosia za kubaki na za kuchomwa, je, angelipigia alama jina la huyo mama?

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua jambo hili kwa uchungu wetu wenyewe. Uhuru ulipokaribia, maofisa wa kikoloni waliagizwa wasiziachie serikali mpya nyaraka ambazo zingeiaibisha Uingereza. Nyingine zilichomwa. Nyingine zilipakiwa kwenye masanduku zikaondoka. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za wakati wa Mau Mau walifungua kesi London. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba majalada ya Kenya yapatayo 1,500 yaliyohamishwa mwaka 1963 yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, pamoja na ya makoloni mengine mengi. Mwezi Juni 2013 ikatangaza kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Ushahidi wa wazee wenyewe ulikuwapo, na wanahistoria walikwisha kuandika. Lakini zilipotokea karatasi za mkoloni zenye madokezo yake mwenyewe, kukana kukawa kugumu. Ofisa yule wa kikoloni hakuchoma kwa sababu rafu zimejaa. Alichoma kwa sababu alijua karatasi inasema. Ajabu ni sisi kuchoma za kwetu bila hata kuwa na la kuficha.

Nyumbani Tanzania tunayo hazina ambayo inatufundisha upande wa pili. Katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yamo majalada ya serikali ya Wajerumani, ambayo mwaka 1997 yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Wajerumani waliyaandika kwa ajili ya shughuli zao za utawala. Hakuna karani wao aliyeandika ili siku moja kijana wa Kitanzania akae mezani atafute humo habari za babu zake. Lakini ndivyo inavyofanyika. Majibu yale yalikuwa yakisubiri maswali ambayo bado yalikuwa hayajaulizwa.

Hapo ndipo ninapofikia kiini cha maneno yangu. Anayetengeneza nakala huchukua kile anachokiona kuwa na maana siku hiyo. Akitafuta maneno, atachukua maneno. Ataliacha dokezo la penseli lililofifia pembeni, ataacha mgongo wa ukurasa wenye jina la mtu, ataacha kina cha mhuri na mistari ya dole gumba la mzee aliyeuza shamba, ataacha aina ya wino inayoweza kuonyesha kwamba mstari mmoja uliongezwa baadaye. Nakala inajibu maswali ya aliyeitengeneza. Karatasi yenyewe inabaki na akiba ya majibu kwa maswali ya wajukuu zetu. Na moto hauna rufaa.

Basi tufanyeje? Sisemi tusitumie kompyuta. Kwanza, tuchukulie kwamba nakala ni ya kumhudumia mwananchi haraka, na karatasi ni ya kupumzika mahali pakavu isishikwe-shikwe. Zote mbili ni ndugu, wala mmoja hamrithi mwenzake akiwa hai. Pili, kazi ya kuskani ikaguliwe na mtu mwingine asiyeifanya, ukurasa kwa ukurasa, kwa kulinganisha na karatasi. Tatu, nakala zikae mahali zaidi ya pamoja, na pawepo fedha kila baada ya miaka michache ya kuzihamisha kwenda kwenye mitambo mipya. Bajeti ya kununua skana pekee haitoshi. Nne, uamuzi wa kuteketeza usiwe wa meneja anayetaka chumba cha mikutano. Tunayo Sheria Namba 3 ya mwaka 2002 inayohusu kumbukumbu na nyaraka, tunao wataalamu, waitwe kabla ya kiberiti. Tano, karatasi iliyo ya mtu, kama cheti chake au mkataba wake, aitwe mwenyewe aichukue.

Na wewe msikilizaji unayo sehemu yako. Ofisi inayokuhusu ikitangaza kwamba imeachana na karatasi, usipige makofi tu. Inua mkono uulize: zile za zamani zimekwenda wapi, nani ameruhusu, na nani amehakikisha kwamba kilichomo kwenye mashine ndicho kilichokuwamo kwenye jalada? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yenyewe ikiwa ni daftari, ulinzi wake hauna budi kuwa mkali zaidi.

Kompyuta ni msala mzuri, na leo tumeukalia. Lakini wenye msala huo huubadilisha kila baada ya miaka michache, nao hawatuulizi. Mbacha wetu ni mkuukuu, una vumbi, na pembeni umeliwa na mchwa. Tuukung'ute, tuukunje, tuuweke darini. Tukijaliwa, wiki ijayo tutaonana tena hewani.